Kujitegemea Chini ya Maji

Nazungumza nanyi, wasikilizaji wangu, kutoka Kidia, Old Moshi, ambako leo mvua imetunyima nafasi ya kuanika kahawa na mlima wetu wa Kilimanjaro haujaonekana tangu alfajiri. Kama uko jikoni unamenya ndizi, endelea kumenya. Kama uko kwenye daladala, mwombe konda aongeze sauti kidogo. Leo nina jambo la kuwashangaza. Mimi mzee wa mlimani, niliyeongoza wageni mpaka magoti yakanikatalia, nataka tuzungumze habari za bahari. Tena chini ya bahari.

Najua mnavyosema huko. "Mzee ana nini na bahari? Maji yetu ni ya mfereji wa mfongo na ya Mto Rau, na kijana akitaka kuogelea anakwenda chemchemi ya Chemka." Kweli kabisa. Lakini ngojeni. Vijana wetu wangapi wako Unguja sasa hivi? Wangapi wako Nungwi, Paje, Matemwe, wanafanya kazi za hoteli na za boti? Na wageni tunaowapokea hapa kwa ajili ya mlima, wangapi wanatoka huko au wanaelekea huko? Mlima na bahari siku hizi vinauzwa kwenye karatasi moja. Kwa hiyo habari za huko ni zetu.

Nilikwenda Nungwi kumtembelea mtoto wa dada yangu. Alianza kwa kubeba mitungi ya hewa kutoka kwenye gari mpaka kwenye boti, kama sisi tulivyoanza kwa kubeba mizigo ya wageni. Wagumu wa mlimani mnanielewa. Sasa amesoma, ana kadi zake, na anajifunza uongozi wa mbizi, ile kazi wanayoiita daivumasta. Nilipofika akaniambia, "Shikamoo mjomba, karibu. Leo kaa hapa kituoni uone kazi." Nikakaa kwenye benchi, chini ya makuti, nikaona kazi.

Akaja mgeni mmoja, mtu mzima wa miaka hamsini hivi, mpole. Akasema anataka kuzamia peke yake. Hataki kiongozi, hataki kundi. Apelekwe na boti, ashuke, apandishwe, basi. Akatoa kadi mfukoni.

Hapa nisimame kidogo, maana neno letu hili la kuzamia lina vituko. Kwetu mzamiaji ni yule aliyejificha kwenye meli akaenda kuibukia Durban, au yule aliyeingia ukumbini harusi ya watu bila kadi. Kumbe mzamiaji wa baharini naye anaulizwa kadi! Hata mtungi hujaziwi bila kuionyesha.

Msimamizi wa kituo, mama mmoja mkimya, akaipokea ile kadi. Akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. Akamwuliza, "Daftari lako la mbizi liko wapi?" Mgeni akalitoa, limejaa, kila mbizi na tarehe yake, kina chake na dakika zake. Mama akafunua kurasa za mwisho, maana alitaka kujua mara ya mwisho amezamia lini, si miaka kumi iliyopita alikuwa shujaa gani. Akaridhika. Kisha akauliza swali la tatu: "Na mtungi wako wa pili?" Mgeni akacheka kidogo. Alikuwa ameuacha nyumbani kwa sababu ya uzito wa mizigo kwenye ndege. Mama akamrudishia kadi yake kwa mikono miwili na kumwambia, "Basi leo utakwenda na wenzako."

Mgeni hakufurahi, na mimi nikabaki na maswali. Huyu mtu ana kadi. Ana daftari. Ni mtu mzima mwenye akili zake. Kwa nini akataliwe? Na huo mtungi wa pili ni wa nini?

Ili tuelewane, twende mlimani kwanza, maana huko ndiko macho yetu yalipozoea. Mnajua kwamba huruhusiwi kupanda Kilimanjaro peke yako. Tangu 1991 hifadhi ilipotoa amri, kila mgeni lazima apitie kampuni yenye leseni na aongozwe na mwongozaji mwenye leseni. Uwe umepanda milima ya dunia nzima, ukifika lango la Marangu au Machame bila mwongozaji unageuzwa. Hakuna kadi ya kukuruhusu upande peke yako, na ukibishana, mlinzi wa lango anakusikiliza vizuri sana halafu anakuonyesha njia ya kurudi Moshi.

Baharini si hivyo. Shikeni hapo, kwa sababu ndiyo tofauti kubwa. Kanuni ya kuzamia na mwenza kwa sehemu kubwa ni desturi ya kazi. Imetoka kwa vyama vinavyofundisha na kutoa kadi, kama PADI ya Marekani iliyoanzishwa 1966. Mlinzi wa lango ni nani, basi? Ni yule mama. Ni mwenye boti na mwenye mashine ya kujaza mitungi. Akisema hapana, hakuna mbizi. Akisema twende kwa sababu tu amepewa dola za ziada, hakuna lango jingine mbele yake.

Sasa hewa. Miaka ile nikiongoza, niliwahi kunywa maji yangu yote pale kileleni Uhuru, nikaifunga chupa tupu, nikaitia kwenye begi. Niliposhuka na kufika nyumbani, binti yangu akaitoa akaniuliza, "Baba, nani ameiminya chupa yako?" Ilikuwa imebonyea kama imekaliwa na mtu. Hakuna aliyeiminya. Kule juu, mita 5,895, uzito wa hewa ni karibu nusu tu ya ule wa ufukweni. Niliifunga ikiwa na hewa nyepesi, nikaileta kwenye hewa nzito ya nyumbani, hewa ikaibonyeza.

Kwa hiyo kupanda kutoka baharini mpaka Uhuru, siku zote zile, na baridi yote ile, unapunguza nusu ya uzito wa hewa. Sasa sikilizeni hili. Ukishuka baharini mita 10 tu, urefu wa nyumba ya ghorofa tatu, maji yanakuongezea uzito sawa na hewa yote iliyo juu ya bahari, mpaka mbinguni. Mita 10! Mlima mzima unakupunguzia nusu, mita 10 za maji zinakuongezea moja nzima.

Ndiyo maana hewa ya mtungi haitumiki kwa kipimo kimoja. Ukiwa mita 10, kila pumzi inakula hewa mara mbili. Ukiwa mita 30, mara nne. Mtungi ambao ungekutosha saa nzima karibu na uso wa maji, kule mita 30 unakwisha kwa robo saa. Na huwezi kukurupuka kwenda juu kwa sababu umeogopa. Hewa uliyovuta kwa uzito ule imeingia mwilini, imeyeyuka kwenye damu. Mmeshawahi kufungua soda iliyotikiswa? Mapovu yanatoka puu! Damu ya aliyepanda haraka inaweza kufanya vivyo hivyo: viungo vinauma, miguu inakufa ganzi, wengine wanapooza. Matibabu yake ni kufungiwa kwenye chemba ya chuma inayorudisha ule uzito wa hewa na kuupunguza polepole. Pole pole, wasikilizaji! Neno letu lile lile la mlimani, isipokuwa huku tunalisema tukipanda mlima, na wao wanalisema wakipanda kutoka kilindini. Wanapumzika dakika tatu kwenye mita tano kabla ya kutoka, kama sisi tunavyopumzisha wageni.

Sasa mwenza ni wa nini? Mwenza ni mtungi wa pili unaoogelea. Kila mzamiaji ana mpira wa ziada wa kupumulia, mara nyingi wa rangi ya njano ili uonekane upesi, na Wazungu wameupa jina la pweza. Hewa yako ikikatika, unamfuata mwenzako, unachukua pweza wake, mnapanda pamoja taratibu mkivuta mtungi mmoja. Ukinasa kwenye wavu wa wavuvi, yeye ana kisu. Ukigonga valvu usiyoiona mgongoni, yeye anaiona.

Kwa hiyo anayesema "nataka kwenda peke yangu" anasema kwamba hayo yote atajifanyia mwenyewe. Na hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Kadi ya kuzamia peke yako ipo. Chama kinachoitwa SDI ndicho kilichotangulia kuitoa, kwa muda mrefu wengine wakikataa hata kulitaja jambo lenyewe. PADI wakafuata mwaka 2011. Masharti yao yanafanana: uwe umeshapita darasa la kwanza na la pili la mbizi, uwe na mbizi zisizopungua 100 zilizoandikwa daftarini, na umri, PADI wanataka miaka 18 na SDI wanataka 21. Halafu unasoma. Unajifunza kupima unakula hewa kiasi gani kwa dakika ukiwa umetulia na ukiwa unahangaika, upange hewa ya kwenda, ya kurudi na ya balaa. Na unajifunza kubeba viwili viwili. Mtungi wa pili wenye mpira wake, usiotegemea ule wa kwanza. Kipimo cha kina cha pili. Kisu cha pili. Na lile boya refu jembamba la rangi ya chungwa unalolijaza hewa ukiwa chini ili lichomoze juu na boti ikuone.

Mnaona mambo yalivyogeuka? Mtu anadhani kwenda peke yake ni kwenda mwepesi. Kumbe wa peke yake ndiye mwenye mzigo mkubwa kuliko wote. Yule mgeni alikuwa na ruhusa mfukoni, lakini kitu chenyewe ambacho ruhusa inakidai alikiacha nyumbani kwa sababu kilikuwa kizito.

Jina la kozi ile ya PADI lilinifurahisha. Hawakuiita kozi ya mzamiaji mpweke. Wameiita, kwa lugha yetu, ya mzamiaji anayejitegemea. Kujitegemea! Sisi tuliokua na Azimio la Arusha la 1967 neno hilo tuliimbishwa shuleni tukiwa na majembe mabegani. Lakini kumbukeni, halikusemwa peke yake. Lilisemwa ujamaa na kujitegemea, mambo mawili kwenye pumzi moja. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kujitegemea ni kumkimbia jirani. Uwe na jembe lako, halafu uende kwenye shamba la kijiji na wenzako, usiende kuazima jembe huko. Nilimweleza mpwa wangu hivyo, akacheka, akasema, "Mjomba, hivyo ndivyo mwalimu wetu anavyofundisha, ila yeye hana habari za Azimio."

Maana yake nini baharini? Maana yake hata mwenye mwenza ajitegemee, kwa sababu watu wengi wanaozamia na mwenza kwa kweli wako peke yao, ila hawajui. Wageni wawili wamekutana asubuhi kwenye boti. Hawajuani hata majina. Wanaambiwa, "Wewe na huyu." Wanashuka. Huyu anapiga picha samaki, yule anamfuata kasa, baada ya dakika tano wako mbali kiasi kwamba mmoja akiishiwa hewa hamfikii mwenzake kwa pumzi moja. Kiongozi wao ana watu wanne na macho mawili. Huo ni wenza wa kwenye karatasi. Mimi naona ni hatari kuliko upweke wa wazi, kwa sababu mpweke wa wazi amejiandaa, na huyu wa karatasi hana cha ziada ila imani.

Msinielewe vibaya. Sisemi mama yule alikosea. Alifanya sawasawa, na ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Kule kisiwani Mnemba mkondo unabadilika wakati boti bado inapiga kona. Kadi inasema wewe ulifaulu mtihani siku fulani mahali fulani. Haisemi bahari ya leo ikoje. Ndiyo maana hata mwenye kadi na mtungi wa pili, mwenye boti ana haki ya kumwambia hapana, na vituo vingi vinasema hapana bila kuona haya. Vinavyokubali vinachagua mahali pa utulivu, vinaandika kina na dakika, na boti inabaki pale pale ikisubiri.

Niwaambie la kwangu, nisijifanye malaika. Nikiwa bado kijana kazini nilikuwa na mgeni mwenye nguvu sana. Alifika Stella Point kabla ya wenzake, akaenda Uhuru, akarudi, akaniomba ashuke mbele peke yake mpaka kambi ya Barafu. Njia inaonekana, jua limetoka, nikamwambia nenda. Baada ya nusu saa ukungu ukapanda. Nilipofika kambini hayupo. Niliacha begi langu pale pale, nikarudi juu nikiita. Nilimkuta amekaa kwenye jiwe, amefuata bega la mlima lisilo lake, ametulia tu kama anayesubiri basi. Akaniambia, "Niliposikia kimya ndipo nikajua nimepotea." Tangu siku hiyo, usiku wa kileleni, hata mgeni akiwa mmoja, nilitaka tuwe waongozaji wawili. Mmoja akiumwa, mmoja anabaki na hewa. Sikujua wakati ule kwamba wazamiaji nao wanabeba mtungi wa pili.

Mpo nami bado? Haya. Yapo mambo mawili ambayo sitaki yapite.

La kwanza ni kwa vijana. Kuna kijana aliniuliza kama anaweza kukodi mitungi akazamie Ziwa Chala, kule Rombo, apige picha za mtandaoni. Mwanangu, Chala limo ndani ya kreta, maji yake yanatoka mlima huu huu yakipita chini ya ardhi, na kina chake kinakaribia mita 90. Mamba wamo. Mwaka 2002 msichana Mwingereza aliyekuwa akiogelea upande wa Kenya aliuawa na mamba mle. Na hata mamba wasingekuwamo, ziwa liko juu sana kutoka usawa wa bahari. Ukivuka mita 300, hesabu za kuzamia zinabadilika, kuna kozi yake ya pekee, kwa sababu ukitoka majini unatokea kwenye hewa nyepesi na ile soda inachemka mapema zaidi. Wenye kadi za kawaida za ufukweni hawajafundishwa hesabu hizo. Usikodi mtungi. Tena anayekukodisha mtungi bila kukuuliza kadi, mwogope yeye kabla ya mamba.

Na ninyi mlioko pwani, mkiahidiwa hela ya kuokota majongoo bahari kwa mitungi bila kufundishwa, kataeni. Kuna watu wa pwani yetu wamelemaa kwa kazi hiyo, vijana waliokuwa wazima, waliopewa mtungi na tajiri na kuambiwa washuke. Hawakupewa kadi, wala daftari, wala mwenza.

La pili ni kwa waongozaji wenzangu. Wageni wengi wanaanza na bahari halafu wanakuja mlimani. Aliyezamia mara kadhaa anashauriwa akae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, kwa sababu ndani ya ndege hewa ni nyepesi. Je, mlimani si vivyo hivyo? Mtu amezamia jana jioni Nungwi, leo ametua uwanja wa ndege wa KIA, mchana yuko lango la Machame. Akianza kuumwa viungo na kufa ganzi kule juu, wewe utadhani ni mlima, utamshusha kama unavyomshusha mgonjwa yeyote wa mlima, na hutamwambia daktari neno la bahari kwa sababu hukuuliza. Safari nzuri ni kuanza mlima, kumalizia bahari. Isipowezekana, mpeni mgeni siku ya kupumzika Moshi, anywe kahawa yetu, aende sokoni.

Yule mgeni wa Nungwi? Alishuka na kundi. Mpwa wangu akapewa kazi ya kukaa karibu naye, mkono wa kufikiana. Walirudi baada ya dakika 45, mgeni ameona kasa wawili, ananisimulia mimi mzee niliyekaa kwenye benchi kama vile tunajuana. Mtungi wake ulikuwa umebaki na hewa ya kutosha. Hakuna kilichotokea.

Mpwa wangu naye aliniandikia juzi. Daftari lake limefika mbizi 71. Bado 29 hata kabla hajafikiria kuomba kusomea kwenda peke yake, na anasema hana haraka.

Basi waongozaji, mkiwa langoni kesho asubuhi mnapima mizigo, kabla ya kuuliza kama mgeni ana koti la mvua, muulizeni kwanza: "Mara ya mwisho umezamia lini?" Na jibu mliandike.